Meza Hutengwa

Mimi ndiye niliyekuwa karani.
Rula ilikuwa yangu, wino mwekundu ulikuwa wangu,
na daftari la washarika, lile la jalada la buluu,
lililala kwangu, juu ya kabati, mbali na mchwa.

Mwaka ule michungwa ya Muheza ilizaa mpaka ikavunjika matawi,
malori yakajipanga toka stendi hadi relini.
Wazee saba walijifungia sakristia
kumjadili Nathanieli Mhando, mpiga kinanda,
na fundi cherehani wa Bombani aliyeishi naye.
Neno walilotumia, mama zetu huitana kwalo kisimani:
shoga, umeamkaje, shoga, nikopeshe chumvi.
Siku ile walilitema
kama jiwe lililokutwa kwenye wali.

Mchungaji Amosi Shekiondo alisikiliza mpaka mwisho.
Mtu wa sauti ndogo, mwenye kikohozi,
kola yake imepauka kwa kufuliwa.
Akasema: "Lugha yetu imetupa neno moja, kutenga.
Mama akiivisha chakula, anatenga.
Baraza likikasirika, linatenga.
Mimi niliitiwa lile la mama.
Meza hutengwa, ndugu zangu. Mtu hatengwi."

Kura zikawa saba kwa moja.
Nikavuta mstari. Ulinyooka sana. Niliufurahia.

Jumapili iliyofuata kinanda kilinyamaza,
tukaimba kila mmoja na sauti yake, kama mnada,
na baada ya ibada nilimwona Mchungaji
akikifunga kikombe ndani ya kitambaa cheupe,
akapanda baiskeli, akashika njia ya Bombani.

Wakamhamishia Handeni, kwenye vumbi na foleni ya maji.
Huko akaandika. Kila mwaka barua moja kwa dayosisi,
kwa mashine ya chapa iliyovunjika herufi D,
hata neno dhambi alilijazia kwa mkono.
Miaka ishirini na sita, barua ishirini na sita,
na kila mara alijibiwa, kwa mhuri:
Barua yako imepokelewa.
Barua.
Yeye alikuwa ameuliza habari za watu.

Sikumtetea. Msinipe sifa kwa kusimulia.
Wapo waliosema amechanganyikiwa,
wapo waliomsomea sheria, na mila, na Walawi,
na yupo mama mmoja wa Mkuzi aliyesafiri hadi Handeni
na kikapu cha machungwa, akakiweka mlangoni pake
usiku, asiseme kwa nini.

Aliporudi amestaafu, miguu imevimba,
aliniomba kitu kimoja tu, alione daftari.
Nikamwachia alasiri nzima,
nikaenda kulipa bili ya maji.

Tumemzika Ijumaa. Nathanieli hakuja.
Wanasema yuko Mombasa. Wanasema alikufa.
Wanasema.
Nimerudi nyumbani na udongo kwenye viatu,
nikalishusha daftari.
Kando ya kila mstari wangu mwekundu,
mwaka baada ya mwaka, kwa penseli, kwa mkono uliotetemeka:
yupo.
Nathanieli Mhando, yupo.
Na yule fundi, ambaye hakuwahi hata kuwa Mlutheri,
ameongezwa chini kabisa ya ukurasa, amebanwa pembeni:
Rashidi wa Bombani, naye yupo.

Nikafunua hadi mwaka elfu mbili na nne.
Hapo pana jina nililolikata bila kikao,
bila kura, bila mzee yeyote kunituma,
usiku, siku Tabitha wangu aliponiambia.
Kando yake hapana neno.
Pameachwa peupe, upana wa vidole viwili.
Aliliona. Najua aliliona.
Aliniachia.

Mjukuu amelala. Penseli yake haina ncha.
Natafuta kisu.